Sauti ya Mama Mkwe

Kengele ililia ndani ya sebule ya Bi Gulshan, na Shigela, aliyekuwa barazani akimenya chungwa, akalikamua lote kwenye suruali yake bila kujijua. Kengele hiyo aliifahamu. Ni yeye mwenyewe aliyeigonga, kijiko kwa sufuria, mbele ya maikrofoni. Kila sinema aliyoitia Kiswahili ilianza na mlio huo, halafu sauti yake nzito ikajitangaza kwa madaha: "Huyu ni DJ Kengele wa Mtendeni, Tabora. Mwenye usingizi akalale kwao."

Sebuleni watu wakaanza kucheka hata kabla ya kichekesho chenyewe. Shigela hakucheka. Kwenye kochi kubwa humo ndani alikuwa ameketi mama mkwe wake, Eustadia wa Kaliua, bandeji usoni, masikio wazi.

"Isiwe ile," alijisemea. "Mungu wangu, iwe nyingine yoyote, isiwe ile."

Ilikuwa ndiyo ile.

Kazi ya Shigela ni kuzisemea sinema za watu. Hujifungia kwenye chumba cha uani alichopanga kwa Bi Gulshan, kuta zimeegemezwa magodoro ili kelele za bodaboda zisiingie, na humo huwa baba, mama, mtoto, polisi na mbwa. Anazozipenda ni sinema za vichekesho vya kifamilia, za Wahindi hasa, ambamo watoto wanakua kwa tabu, wazee wanazeeka kwa ubishi, na wote wanagombana kwenye meza moja ya chakula. Kihindi chenyewe hakijui. Anaangalia midomo na nyuso, kisha anawapa maneno anayoona yanawafaa. Bi Gulshan, ambaye anakielewa vizuri, aliwahi kukaa akasikiliza sinema moja mpaka mwisho, akacheka hadi akavua miwani. "Shigela," akamwambia, "hujapatia hata neno moja. Usibadilishe kitu."

Hii iliyowashwa sasa ilikuwa ya bibi anayemlea mjukuu wake wa kike. Mama wa mtoto amefariki. Baba ni mpishi huko mjini, na kila akija kumtaka mwanawe, bibi anamfukuza na mwiko. Mtoto anakulia hapo katikati. Anang'oka jino, anajifunza baiskeli, anajikata nywele kwa mkasi wa kushonea. Watu huiangalia wakishika mbavu. Shigela alipoiona mara ya kwanza hakucheka hata kidogo, kwa kuwa aliiona nyumba yake. Mkewe Dafrosa alikuwa amefariki, na matanga yalipokwisha Eustadia alimshika mkono binti yao, Spesioza, akapanda naye treni kwenda Kaliua. "Mwanamume peke yake atamlea vipi mtoto wa kike?" aliuliza, na hakuna aliyembishia, Shigela mwenyewe akiwa wa kwanza kunyamaza. Sasa Spe alikuwa amemaliza darasa la saba.

Basi Shigela alipokaa mbele ya maikrofoni na kufungua mdomo ili amsemee yule bibi wa Kihindi, sauti iliyotoka ilikuwa ya mama mkwe wake. Tena haikuwa ya kubahatisha. Kwao mkwe hamkodolei macho mkwe. Miaka yote ya ndoa alizungumza na Eustadia kupitia mlango, pazia au ukuta, yeye nje na mama ndani, na walipokutana njiani alikuwa akiinamisha kichwa na kupisha. Sura yake hakuijua sana. Lakini sauti! Alijua kikohozi chake cha kufungulia maneno. Alijua anavyovuta pumzi kabla ya kukemea. Na zaidi ya yote alilijua neno lake kubwa: "Mimi simo." Eustadia akisema "mimi simo, lakini", ujue ameshaingia kwa miguu yote miwili.

Shigela alimpa yule bibi neno hilo, na neno likapendwa kuliko sinema. Liliingia kwenye flashi na kwenye simu, likafika Urambo, likafika Ziba. Vijana wa bodaboda wakaliandika nyuma ya pikipiki zao. Naye akavimba kichwa. Hakuwahi kuwaza kwamba ipo siku mwenye sauti ataisikia, maana Eustadia hakuwa na televisheni, na macho yake yalikuwa yameshaingia mtoto wa jicho. Huo ndio upumbavu wa mtu mzima, tena mtu anayekula kwa sauti yake, kusahau kwamba asiyeona anasikia.

Macho hayo ndiyo yaliyomleta mama Tabora. La kulia lilikuwa limezimika siku nyingi. La kushoto lilifanyiwa upasuaji jana, na daktari akaagiza bandeji isifunguliwe mpaka kesho asubuhi. Kulala kwa mkwewe alikataa katakata, kwa hiyo Bi Gulshan akampa chumba. Bi Gulshan ni mtu wa namna hiyo. Babu zake waliingia Tabora pamoja na misafara, vitambaa vimefungwa mabegani mwa wapagazi, na mpaka leo yeye anauza vitambaa na kumkaribisha kila anayepita kama vile ametembea kwa miguu kutoka pwani.

Na kesho hiyohiyo, Mzee Samweli, baba mdogo wa Shigela, alitarajiwa kutoka Ziba kuja kumwomba Eustadia amwachie mtoto aanze sekondari mjini, kwa baba yake. Shigela mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuomba, mkwe huombewa. Alikuwa amepanga kila kitu. Mama ataamka, bandeji itatoka, ataona mwanga, moyo utalainika, mzee ataingia na maneno yake matamu. Alikuwa ameshachagua hata pazia la chumba cha Spe, la bluu. Miezi sasa alikuwa halali vizuri kwa kuiwaza siku hiyo.

Ndipo Bi Gulshan, kwa ukarimu wake wote, alipoamua kumfurahisha mgonjwa. "Mama leo hana macho," Shigela alimsikia akiwaambia majirani, "lakini atasikiliza kazi ya mkwewe. Kaeni, kaeni."

Shigela alisimama, akakaa, akasimama tena. Kuingia ndani hakuweza. Mama alikuwa ameegemea mito bila kilemba, miguu juu ya kigoda. Mkwe gani aingie hapo? Swichi kuu ilikuwa jikoni, na kwenda jikoni lazima upite sebuleni. Akaomba umeme ukatike. Umeme ule, ambao wiki nzima ulikuwa ukimkatikia katikati ya kurekodi, leo ulitulia.

Akagonga dirisha polepole kwa ukucha. Spe, aliyekuja Tabora kumwongoza bibi yake, akatoka.

"Mwanangu, nenda kamwambie Bi Gulshan azime. Mwambie inamharibia bibi macho."

"Bibi hatazami, baba."

"Basi inamharibia masikio."

Spe alimtazama jinsi anavyotazama hesabu isiyotoka. "Ni ile ya 'mimi simo', siyo?"

"Umeiona?"

"Nani Kaliua hajaiona? Mimi naijua yote kwa kichwa. Watoto wanamfuata bibi sokoni wanakohoa kama yeye."

"Na bibi anajua kwa nini?"

"Anadhani wana kifua."

Akaingia ndani. Shigela akabaki ameshika nguzo ya baraza. Sebuleni yule bibi wa kwenye sinema alikuwa akimkimbiza mpishi kuzunguka kisima, huku akikohoa na kusema yeye hayumo, lakini leo lazima mtu avunjike. Watu wakaangua kicheko. Spe akarudi.

"Bibi amesema iachwe."

"Amesemaje hasa?"

"Amesema, 'Mimi simo, lakini iacheni.'"

"Watu wakacheka?"

"Walianza," Spe alisema, "wakaacha."

Toka hapo Shigela alisikiliza kwa mwili mzima. Jino likang'oka, kicheko kikatoka kwa watu watatu hivi. Mkasi wa kushonea ukafanya kazi yake, akacheka mmoja, tena kwa kikohozi cha aibu. Sauti yake mwenyewe ikawa inatamba peke yake humo ndani, inabembea, inajifaragua, na yeye huku nje anaichukia jinsi mtu anavyomchukia mlevi wa familia anayesimama kuhutubia harusini.

Halafu akakumbuka mwisho wa sinema.

Mwishoni bibi anampeleka mtoto stesheni na kumkabidhi kwa baba yake. Wahindi walisema nini pale, Shigela hajui mpaka leo. Yeye alimfanya bibi akohoe, akae kimya kidogo, aseme: "Mimi simo, lakini mtoto ni wake. Nenda, mwanangu. Usigeuke nyuma." Aliyarekodi maneno hayo mara moja tu, machozi yakimlengalenga. Watu wengi walimwambia hapo ndipo walipolia.

Na sasa akakumbuka neno la mama mkwe siku aliposhuka kwenye treni juzi. "Huko Kaliua wananiuliza Spe anaondoka lini," alikuwa amesema, akiongea na hewa kama kawaida. "Sijui wametoa wapi." Shigela aliinamisha kichwa akabeba mzigo. Leo ndiyo akajua walikotoa. Kaliua wote walimjua DJ Kengele ni mkwe wa nani, na bibi yule ni nani. Walikuwa wamemsikia Eustadia, kwa masikio yao, akimtoa mtoto.

Filimbi ya treni ikalia kwenye televisheni. Kikohozi. Kimya kidogo. "Mimi simo, lakini mtoto ni wake. Nenda, mwanangu. Usigeuke nyuma."

Jirani mmoja asiyejua kusoma hali alipiga makofi, akajikuta peke yake. Kisha ndani kikasikika kikohozi kingine, cha kweli, na majirani wakakumbuka shughuli zao. Mmoja ameacha wali jikoni, mwingine nguo ziko kwenye kamba. Wakapita barazani bila kumtazama Shigela. Bi Gulshan alitoka mwisho, mkono kifuani.

"Wallahi sikujua ni yeye, Shigela. Nilidhani umemtunga."

"Si kosa lako, Bi."

Bi Gulshan akaenda dukani kwake. Ndani kiti kikaburutwa. Pazia la mlangoni likatikisika, na Shigela akajua mama mkwe ameketi nyuma yake, umbali wa mkono mmoja, kama walivyozoea kuketi maisha yao yote.

"Baba Spe."

"Naam, mama. Shikamoo."

"Ulishanisalimu asubuhi. Usinizungushe. Yule bibi ni nani?"

Shigela hakuwahi kukosa la kumpa mtu yeyote aseme. Leo alitafuta, hakupata. "Ni wewe, mama."

"Nilijua toka kikohozi. Kumbe ndiyo maana watoto wa Kaliua wana kifua."

"Nisamehe, mama. Nimekukosea adabu."

"Kuchekwa siyo kitu. Nimezeeka, nichekwe. Na pale kwenye mwiko nilicheka hata mimi, kichinichini." Sauti ikavuta pumzi, ile pumzi aliyoijua, na Shigela akakaza mabega. "Ninachokuuliza ni kingine. Nani alikutuma unisemee? Mimi habari ya mtoto sijaiamua. Wewe umeshaiamua, kwa mdomo wangu, mpaka watu wa mbali wamesikia. Nikikataa, nitaonekana kigeugeu. Nikikubali, nitakuwa sikukubali mimi, umekubali wewe. Umeniachia nini cha kusema?"

Shigela alitazama mikono yake. Ilikuwa bado na maji ya chungwa.

"Namtaka mwanangu, mama," alisema. "Kukuomba siruhusiwi. Sikuwa na pa kusemea, nikasemea huko."

Aliona amekwisha. Alimwona Mzee Samweli akirudi Ziba mikono mitupu, akaliona pazia la bluu likifungwa tena kwenye mfuko wake.

"Na yale maneno ya mwisho," Eustadia aliuliza. "Yale umeyatoa wapi?"

"Kwa Dafrosa."

Jina hilo halikuwa limetajwa kati yao toka siku ya msiba.

"Alisemaje?"

"Alisema asubuhi ya harusi ulimshika mabega mlangoni, ukamwambia aende asigeuke nyuma. Alikuwa akinisimulia mara kwa mara. Aliyapenda sana."

"Aliyapenda," Eustadia alirudia, taratibu. Kisha akapaza sauti. "Spe! Nenda dukani kwa Ratilal kalete sukari."

"Sukari ipo, bibi."

"Kalete nyingine."

Spe akapita barazani, akamtupia baba yake jicho la swali, akashuka. Duka la Ratilal lilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na baraza.

"Wewe si ndiyo kazi yako, kuwasimulia watu?" Eustadia alisema. "Nisimulie na mimi. Anafanya nini?"

"Ameshuka ngazi, mama. Ameruka mtaro. Amesimama, anapisha pikipiki."

"Amekuwa mrefu?"

"Sana. Amemzidi mama yake."

"Sasa?"

"Anavuka. Amefika katikati."

"Amegeuka?"

Shigela alitazama. Mgongo wa Spe ulikuwa umenyooka, kandambili zinapiga vumbi, macho yake yako kwenye duka. Na neno lilikuwa tayari ulimini mwa Shigela: amegeuka, mama, anapunga mkono, anatabasamu. Lingemchukua pumzi moja. Ameshayasema makubwa kuliko hayo kwa watu wenye macho yao mawili, wakamwamini. Aliona wazi kwamba mtoto wake anaweza kuwa ananing'inia kwenye neno hilo moja.

"Hapana, mama," alisema. "Hajageuka."

"Tazama vizuri."

"Natazama. Hajageuka."

Eustadia alishusha pumzi ambayo Shigela hakuijua. Hakuwahi kuisikia kwenye mlango wowote.

"Mama yake naye hakugeuka," alisema. "Nilisimama pale nikimwangalia, nikiomba moyoni, hebu leo asinisikilize, hebu ageuke mara moja tu. Alikuwa mtoto msikivu. Baadaye alipokuwa akija kunisalimia, alikuja mke wa mtu, na kilemba na zawadi. Yule binti yangu wa asubuhi ile sikumwona tena. Sasa wewe umeyachukua maneno hayo umewapa watu wayalilie, kama mazuri."

Safari hii Shigela hakutunga jibu.

Pazia likasogea. Mkono wenye bangili ya shaba ulipapasa fremu ya mlango, na Eustadia akatoka barazani, bandeji usoni, bila kilemba, akasimama kando ya mkwewe. Shigela akainamisha kichwa haraka kwa mazoea.

"Inua kichwa," mama alisema. "Mimi sioni. Na wewe usipotazama, nani atanisimulia?"

Kisha akakohoa, akapaza sauti ambayo Shigela kwa ufundi wake wote hakuwahi kuifikia.

"Spesioza! Ukienda, geuka!"

Ratilal alichungulia dukani kwake. Kijana wa bodaboda alipunguza mwendo.

"Amegeuka?"

"Amegeuka, mama."

"Usinisemee."

"Amegeuka kweli. Yuko kwenye kizingiti cha Ratilal. Ameweka mkono juu ya macho kwa sababu ya jua. Anatutazama sote wawili."

Eustadia akaitikia kwa kichwa. Midomo ilikuwa inamcheza. "Mzee wako wa Ziba aje kesho," alisema. "Nitamjibu mwenyewe kwamba mtoto atakaa kwako, na kila likizo atakuwa kwangu. Halafu ile sinema ukaurudie mwisho wake. Nisikike nikisema nilichosema sasa hivi."

Akainua mkono kumpungia mjukuu wake, lakini aliupunga kuelekea upande wa msikiti, ambako hakukuwa na mtu. Shigela, ambaye hakuwahi kumgusa mama mkwe wake hata siku moja, alimshika kiwiko kwa ncha za vidole, akauzungusha mkono ule polepole mpaka ukamwelekea mtoto.